Unga Mweupe Ukutani

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wanao, na huyo mjukuu wetu aliyeanza kutambaa. Sisi huku tunapumua kwa rehema za Mungu. Mguu je, bado unakusumbua? Kila sala ya asubuhi nakutaja.

Uliniuliza maabarani nafanya nini hasa. Nasaga mawe meupe ya milimani na kuyachekecha. Unga wake unatiwa kwenye bomba la moto, unapitishiwa mvuke wa spiriti, upande wa pili inatoka kemikali ya kutengenezea plastiki. Mtaalamu wetu, mama mcheshi tunayemwita Bi Miwani, husema jiwe ni mshenga: linawaoanisha wenzake, lenyewe linabaki lilivyokuja. Nikamwambia mshenga gani huyo asiyeonja hata karamu.

Juzi hakucheka. Aliingia amejifunga pua na mdomo, akaniambia niweke chekeche chini taratibu. Akaniita kwenye darubini. Dada, niliona sindano, nyembamba kuliko unywele, zimesongamana kama nyasi. Akasema jiwe lile jeupe ndivyo lilivyo, na sindano zake zikiingia mapafuni hazitoki. Hukaa miaka, kisha huleta saratani. Nimepigwa picha ya kifua, naambiwa nisubiri.

Unaona nazungukazunguka, kwa sababu naogopa kufika. Hofu yangu haiko kifuani mwangu. Ule unga niliokuletea kwenye gunia, nikajisifu kwamba ni chokaa ya bure, mkapaka chumba cha mtoto, haukuwa chokaa. Ni mabaki ya jiwe lile lile. Nilidhani udongo wa Mungu utamdhuru nani. Ukaniambia ukuta unang'aa, na mtoto akiuegemea anatoka mweupe kama mwokaji mikate. Nilicheka sana siku ile.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa dereva barua hii. Mtoeni mtoto humo sasa hivi. Najua wewe na ufagio wako, lakini usifagie, usikwangue, usikung'ute hata shuka. Funga mlango, ziba chini kwa kitambaa kilicholowa maji. Bi Miwani nimemweleza. Hakunigombeza, alivua miwani akanitajia haya ninayokuagiza. Kesho tunakuja naye.

Ukinifungia mlango sitalalamika. Niombee, nami nawaombea. Nibusie mjukuu wangu, ila mwogesheni kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Msaga mawe