Nimelinda Berlin kwa Simu

Mzee Orville wetu wa gazetini, mpendwa, niokoe kabla Jumamosi haijafika, maana mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeshaingia hadi shingoni.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na nne, maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye ghala la mahindi hapa mjini kwetu, na tangu mke wangu afariki miaka sita iliyopita mwenzangu wa kahawa ya asubuhi ni redio, kile kipindi cha Garland Pruitt cha watu tunaopenda mambo ya zamani, wanapoongea mila na historia na siasa za nchi za nje, na mimi hupiga simu. Siku ya kwanza nilisema wanajeshi wetu wabaki Ujerumani, Garland akaniuliza, "Mzee wangu, hayo unayajuaje?" ulimi ukateleza, nikasema, "Nilikuwa Berlin, nililinda ukuta."

Sikuwahi kufika. Jeshi lilinikataa kwa sababu ya nyayo bapa. Aliyelinda ukuta ni kaka yangu Delbert, marehemu sasa, na barua zake zote ninazo kwenye kopo la biskuti, kwa hiyo ninayoyasema redioni ni kweli tupu, ila si kweli yangu.

Sasa akatokea mama mmoja wa mji wa Wilber, Bi Verlene, mjane, babu zake walitoka Bohemia, kwa Wacheki, naye alitaka wanajeshi wote warudi nyumbani, tukabishana hewani miezi mitatu.

"Wendell, Wajerumani wana mikono na miguu, wajilinde!"

"Mama, hujayaona macho ya watu wa upande ule."

"Wewe umeyaona?"

"Nimeyaona. Kulikuwa na bibi kizee ng'ambo ya ukuta, upande wa Wakomunisti, kila saa kumi jioni alikuja dirishani kutupungia kitambaa cha jikoni. Siku moja tukakuta askari wa upande ule wameliziba dirisha kwa matofali."

Akasema ana unga mkononi, akakata simu. Kesho yake akapiga, akasema watu wote wakisikia, "Nimebadili mawazo, na aliyenibadilisha ni Wendell." Akaomba namba yangu kwa vijana wa studio, na sasa tunaongea kila siku, Mzee Orville, ananichekesha mpaka nasahau chakula jikoni. Jumamosi amenialika chakula cha mchana kwenye ukumbi wa wanajeshi wa zamani kule kwao, ataoka kolachi za plamu, vile vimikate vitamu vya Kicheki, kwa mkono wake, na marafiki wa marehemu mumewe watakuwepo, wawili kati yao walikuwa Berlin miaka ileile. Niende nikaendelee kudanganya, au nijifanye mgonjwa, au nimwambie ukweli nimpoteze?

Nyayo Bapa, Nebraska

*

Wewe Nyayo Bapa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili kahawa ikapoa mkononi. Mimi shule niliishia darasa la nane, nikaenda kutengeneza pampu za visima, kwa hiyo siasa za Ulaya sizijui, lakini kitu kinachovuja nakijua hata gizani.

Pole kwa kufiwa. Redio haimkumbushi mtu kunywa dawa wala haimkemei akivaa soksi mbili tofauti. Haya, pole imekwisha.

Eti ni kweli tupu, ila si yako! Kuku wa jirani naye ni kuku kweli, ila si wako. Ukimchinja tukuite nani? Na nguo ya kuazima haisitiri matako, bwana, nawe unataka kuingia nayo kwenye ukumbi wa watu walioivaa nguo hiyo miaka yote ya ujana wao. Hawatakuuliza habari za ukuta. Watakuuliza kahawa ya kambini ilinukaje, na sajenti gani alikuwa akikoroma. Utajibu nini, na kolachi iko mdomoni?

Ugonjwa usiutaje. Mama wa Kicheki ukimwambia unaumwa, saa moja baadaye yuko mlangoni na sufuria la supu.

Na mimi kipindi hicho nakisikiliza. Kila anayepiga simu alikuwepo! Huyu alikuwepo Saigon kwenye vita vya Vietnam, yule babu yake alimshika rais mkono. Hoja yako ya Ujerumani kama ni nzuri itasimama yenyewe, hata ikiwa na nyayo bapa. Kama haiwezi kusimama mpaka ivalishwe gwanda la kaka yako, basi mama wa watu ana haki ya kurudi kwenye mawazo yake. Alihama kwa kukuamini wewe. Hilo ndilo linaloniudhi, kuliko hata Berlin.

Na Delbert je? Bibi yule alimpungia yeye. Kitambaa kile ni chake, nawe umekipokea wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Jumatano baada ya chakula cha mchana, mpigie Verlene. Usianze na habari za mvua. Sema, "Sikuwahi kwenda Berlin. Aliyekwenda ni kaka yangu Delbert." Kisha funga mdomo. Mambo ya nyayo usiyataje mpaka akuulize. Akikutukana, vumilia, mtu hapotezi pumzi yake kumtukana asiyemjali. Akikata simu, usimfukuzie. Alhamisi asubuhi mpigie Garland, umwambie hivyohivyo hewani, kwa sauti ileile uliyodanganyia.

Jumamosi nenda Wilber na barua zote, akutake asikutake. Wape wale wazee wawili wazisome. Delbert ana wenzake pale, nawe umemfungia kwenye kopo miaka yote hii. Ukikaribishwa kiti, kaa. Usipokaribishwa, shukuru, uende zako.

Majina nimeyabadili, lakini kaunti nzima inasikiliza kipindi kimoja. Nakala yako ya jibu hili naiweka posta leo Jumatatu. Gazeti lenye barua hizi linafika majumbani Alhamisi mchana, na Bi Verlene, ambaye pampu yake nimeitengeneza mimi, hulisoma lote, kuanzia matangazo ya vifo mpaka bei ya mahindi. Simu iko hapo ukutani kwako. Inuka.

Mzee Orville