Kamba ya Ndama

Garissa, Jumatano baada ya Alasiri

Dada yangu Kaltuma,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Watu wazima? Mifugo wazima? Mvua imeonyesha dalili huko Griftu, au mawingu bado yanapita tu kama wageni wasiotaka chai? Mwanao Kasim ameanza kusimama, au bado anatembea kwa makalio? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nakula, nasoma, nalala. Moyo ndio sijui niseme uko vipi. Na mwandiko huu mbaya usikushangaze, sababu yake utaiona huko mbele.

Kabla hujaendelea, tazama nani yuko karibu. Mama mkwe akiuliza, mwambie ni mambo ya shule, na kweli ni mambo ya shule. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, kwa kuwa nyumbani kwenu ni wewe peke yako unayekisoma, na lugha yetu tunaisema tu, hatukufunzwa kuiandika. Kutuma sauti kwa simu niliogopa. Simu ya kwenu mama mkwe huifungulia sauti mpaka mbuzi zizini wanajua habari.

Dada, nina kosa. Nimekitoa kidole chako.

Ngoja nianze mwanzo, usikasirike bado.

Muhula ulipoanza nilijiunga na klabu ya filamu. Si kwa ushujaa. Nilijiunga kwa sababu huko mtu anaweza kukaa nyuma ya kamera na hakuna atakayemwambia asimame aseme shairi. Unakumbuka ile siku ya wazazi nilipojificha nyuma ya tangi la maji mpaka watu wakaenda zao. Basi bado niko hivyo. Mwalimu wetu, Mwalimu Mwende, alitupa kazi moja: filamu ya dakika tano kuhusu mapenzi ya mchezo. Akasema hataki ushindi, ushindi kila mtu anaujua. Anataka yale mapenzi yenyewe yanayomtoa mtu nyumbani.

Tulihangaika wiki mbili. Rafiki yangu Hodan, yule wa Liboi niliyekusimulia, asiyeogopa hata mkuu wa shule, alitaka msichana afunge goli dakika ya mwisho na abebwe juu juu. Mwalimu akamwambia hiyo ameiona mara mia. Tukaenda uwanja wa mjini na simu ya mwalimu, tukarekodi wavulana wakicheza. Tulipotazama, walikuwa kama sisimizi kwenye vumbi. Mapenzi hayakuonekana popote. Mwalimu akasema Ijumaa ikifika hatuna hadithi, nafasi yetu wanapewa Kidato cha Nne. Mimi nilikuwa ndiye mwandishi wa kundi, Dada. Nilikuwa na daftari jipya na ndani yake hamna neno.

Siku iyo hiyo mfereji wa bweni ukafa. Tukaambiwa tuchote maji kwenye tangi la chini ya ardhi. Mama mmoja wa jikoni akashuka ndani kwa ngazi, anajaza jerikeni iliyokatwa nusu, anairusha juu, na Hodan aidake. Hodan akanyoosha mikono, akafumba macho. Maji yote yakammwagikia kifuani, jerikeni ikampiga magoti. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Yule mama akauliza kutoka shimoni, "Nyinyi kwenu hakuna visima?"

Mimi sikucheka. Nilikuona wewe. Nilikuona juu ya kisima chetu, Abba yuko chini anarusha, wewe unadaka bila kutazama, unamimina kwenye hori, unarudisha tupu, na wimbo wa kunywesha haukatiki. Nikakumbuka siku nilipokuuliza huogopi vipi penalti, ukanijibu, "Mpira ni mwepesi, Nuria. Hauna maji ndani."

Nikaenda kwa Mwalimu Mwende. Mimi, ambaye tangu nifike hapa sijamwambia zaidi ya ndiyo mwalimu na hapana mwalimu. Nikamsimulia kuhusu msichana anayejifunza kudaka kisimani. Sikutaja jina. Akaacha kusahihisha madaftari. Akasema, "Halafu?"

Dada, hilo neno ndilo lililoniponza. Mimi watu hawaniulizi halafu. Nikianza kusema, wengi hunimalizia wenyewe. Yeye alikaa na kalamu mkononi akingoja, na mimi nikaendelea. Nikasimulia posa. Nikasimulia jinsi baba wa msichana alivyosema mbele ya wazee kwamba binti yake ameacha uwanja tangu siku hiyo. Akasema tena, "Halafu?" Nikamwambia kwamba siku tisa baadaye timu ya wasichana wa Wajir mjini ilikuja, na yule msichana akatoka nyumbani na buibui la kuazima, akasimama golini, akapangua penalti ya mwisho, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kikavunjika. Kwamba alirudi nyumbani akawaambia watu wote alikuwa anafunga ndama, kamba ikamkaza. Na kwamba mpaka leo kidole kimepinda.

Nakumbuka vizuri ulichoniambia nikikushikia kitambaa, nami nina miaka kumi na mmoja. Ulisema hiki kidole kina watu wawili tu. Sasa kina darasa zima.

Nilibadilisha kila kitu. Msichana nikamwita Zamzam, mji haukutajwa, baba nikamfanya mjomba. Lakini kidole sikukibadilisha. Nilijaribu kuandika goti, nikajaribu kuandika jino. Haikuwa kweli. Mwalimu naye alisema bila kidole filamu itakuwa maji matupu.

Halafu tukakosa mtu wa kudaka. Hodan alisema walahi yeye na jerikeni wameachana kwa talaka tatu. Wengine waliogopa kuvunja kucha. Mwalimu akasema kamera itaona mikono tu, uso hapana. Basi nikasema mimi. Hodan akanitazama kama nimesema nitaolewa. "Wewe? Wewe hata jina lako ukiitwa unaruka."

Siku ya kwanza sikudaka hata moja. Siku ya pili nililowa mpaka mwalimu akanipa leso yake. Siku ya tatu, Dada, niliipata. Ilitoka chini, sikuitazama, nilitazama mbali kama wewe ulivyokuwa ukitazama upande wa ngamia, na ikatua mikononi puu, hakuna tone lililomwagika. Mama wa jikoni akapiga kigelegele kule shimoni. Nikaomba irushwe tena. Na tena. Walipotaka kwenda kula, mimi bado nilikuwa nataka tena. Hapo ndipo nilipoelewa ile siku ulitoka nyumbani kwa sababu gani. Miaka yote hii nilikuwa nimekuhifadhia siri ambayo sikuielewa. Na nikiri ukweli, wakati ule sikuwa na majuto hata kidogo. Nilikuwa na furaha.

Jerikeni ya mwisho ndiyo iliyonipata. Ukingo wake uligonga kidole kidogo cha mkono wa kulia. Hakikuvunjika, kimevimba tu. Matroni amekifunga pamoja na mwenzake, na ndiyo maana herufi zangu zinalala.

Sasa Jumapili. Ilikuwa siku ya kutembelewa, na shemeji Adan akaja, kama kawaida yake tangu ndugu yake, mumeo, amkabidhi anitazame nikiwa huku. Aliniletea maziwa ya ngamia na kopo la nyama ya nyirinyiri iliyokaangwa ikakauka, kutoka kwa mkewe. Tulikuwa tumekaa vizuri kwenye kivuli cha bwalo, anaulizia hesabu, namjibu. Mwalimu Mwende akapita, akamwona, akafurahi kama amepata mtaji. Akamwambia mtoto wenu huyu ana kipaji, ngoja uone. Akatoa simu. Sikuwa na pa kuweka macho.

Alimwonyesha kipande kidogo tu. Mikono, jerikeni, maji, wimbo. Sauti yangu inasema mpira hauna maji ndani. Kisha mikono golini, na mwisho kile kidole kimefungwa kitambaa. Shemeji alicheka mwanzoni, akasema, "Hii ni kwetu kabisa." Ilipofika kwenye kidole akaacha kucheka. Akamwomba mwalimu amrudishie mwanzo. Akaitazama mara ya pili.

Mwalimu akaenda zake. Shemeji akauliza nani amenipa hadithi hii. Nikasema nimebuni. Akatikisa kichwa, sijui alikubali au alikuwa anafikiri. Halafu akaona mkono wangu.

"Umefanya nini kidole?"

Dada, nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Ningesema jerikeni, ingeisha. Lakini nilishtuka, na nilipofungua mdomo likatoka lile nililokuhifadhia miaka mitano.

"Kamba ya ndama."

Akatazama bweni. Akatazama jiko, akatazama geti na askari wake, polepole, kama mtu anayetafuta kitu kweli. Akaniuliza, "Hapa shuleni mnafuga ndama?"

Nikauficha mkono nyuma. Akazungusha kifuniko cha chupa ya maziwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kidole cha mke wa ndugu yangu nacho ni kamba ya ndama. Na neno la baba yenu nililisikia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani."

Akasimama, akavaa kofia yake. Akasema filamu inaonyeshwa lini. Nikamwambia Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini, wazazi wanakaribishwa. Akasema, "Nitakuja. Nitakaa mbele." Kisha akaondoka, na chai aliyomiminiwa hakuigusa.

Tangu siku hiyo nimerudia maneno yake mara nyingi kichwani na siyajui maana yake. Hakugomba. Lakini pia hakutabasamu. Hodan anasema abaayo, dada yangu, mtu mwenye hasira haombi kutazama mara ya pili. Mimi nasema mtu anayetafuta ushahidi ndiye anayetazama mara ya pili. Labda amekwisha piga simu huko. Labda barua hii inafika na nyumba imeshachafuka, nawe unaisoma ukiwa unalia. Kama ni hivyo, nisamehe, ingawa najua msamaha hauunganishi neno la Abba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Abba hakudanganya. Alisema alichoamini, na sisi wawili tukamfanya mwongo mbele ya wazee bila yeye kujua.

Kwa hiyo sikiliza. Edin, dereva wa lori la mbuzi, ameshusha mzigo sokoni leo na anaondoka kesho alfajiri. Barua ataipitia getini. Inshallah itakufikia Ijumaa asubuhi, na mumeo Ibrahim hurudi kutoka kwa ngamia Ijumaa baada ya swala. Mwambie wewe mwenyewe. Mumeo si mtu mgumu, aliwahi kunibeba mabegani. Asije akaelezwa kidole cha mkewe na kaka yake. Ukishamwambia, mwendee Abba, au ningoje likizo twende pamoja. Mimi nitasema kwanza.

Kuhusu filamu, ni juu yako. Edin anarudi huku Jumatano ijayo na mbuzi wengine. Zile glavu zako za golini, najua ziko kwenye kopo la unga pale kwa mama yetu Aayo, nyuma ya mikeka, nilizificha mimi. Ukizituma kwa Edin, nitajua umekubali, na filamu itabaki kama ilivyo. Akija mikono mitupu, nitamwomba Mwalimu akitoe kidole, hata ikibaki maji matupu. Kisha nitakwenda nyumbani kwa shemeji Adan, nisimame mbele yake, nimwambie hadithi ya golini niliitunga mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kamba ya ndama niliisema kwa upumbavu. Uongo huo nitaubeba mimi, usiujibie.

Lakini ukiniuliza mimi ninataka nini, na wewe ndiye mtu pekee nyumbani anayeniuliza, nataka uzitume.

Nisalimie Abba, umbusu mkono kwa niaba yangu, usimwambie chochote kabla Ibrahim hajajua. Nisalimie Aayo na umwambie nguo za baridi sizihitaji, Garissa ni tanuri. Nisalimie bibi yetu Akko, umpigie kelele sikio la kushoto ndilo linalosikia. Mama mkwe wako mpe salamu za heshima. Yeye si mtu mbaya, ila kwake neno likishasemwa ni kama ndama aliyepigwa chapa, halifutiki, na sasa namwelewa. Kasim mrushie kitu chepesi, uone kama anadaka.

Jumamosi hiyo shemeji Adan atakaa mbele. Mimi siku zote hukaa nyuma, karibu na mlango. Ukizituma, Dada, nitazivaa, niende nikae karibu naye.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye kukupenda,

Nuria