Figo ya Ndugu

Jumanne, Juni 1994

Waliniudhi, lakini walikuja. Chumba changu cha Kariakoo kilijaa ndugu nilipowaeleza alichosema daktari: figo zangu zote mbili zimechoka, ila siku hizi India wanapandikiza figo ya ndugu, na mtoaji anaishi vizuri na ile moja iliyobaki; kesho wanapima damu za ndugu watakaojitolea.

Kaka Rashidi akalaumu mafuta ya kupikia ya nje yaliyojaa sokoni. Wengine wakaniombea dua huku wakiangalia saa.

Naogopa, basi.

Dada Mwanaidi, ambaye hatusemezani naye tangu msiba wa mama, alibaki mlangoni.

"Wanapima damu saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakupitia saa moja. Usinicheleweshe."

Akavaa viatu, akaondoka. Shikamoo niliyompa alipoingia hajaiitikia mpaka sasa.