Kikombe cha Buluu

Lushoto, mwezi wa saba

Mpendwa dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kliniki zako zinakwenda vizuri. Sisi huku tunapumua, ila baridi imetukaba na bei ya kabichi mwaka huu inatia kinyaa. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Jirani yetu Tobia anakuja huko Moshi kwa wakwe zake; nimemwapisha akukabidhi mkononi. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho.

Najua unachokikumbuka. Ni ile Idi uliyokuja baada ya kukatwa titi, dawa zimekuchosha na nywele zimekwisha. Mama akasema mbele ya wageni kwamba huo ni ugonjwa wa mjini, wanawake wa milimani hawaujui, na wewe umeuokota kwa watu wa huko chini. Kisha akakutengea kikombe chako peke yako, kile cha bati cha buluu, akaonya mtu mwingine asikiguse. Ulikunywa chai yako, na asubuhi ukapanda basi la kwanza la kushuka Mombo. Nilikubebea begi njia nzima nisipate neno la kukuambia. Mpaka leo sijalipata.

Tangu siku hiyo mama hajanywea chombo kingine ila kikombe kile. Ukimpa glasi anakataa. Mimi, kwa akili zangu za kabichi, nikadhani anakukumbuka na kiburi kinamzuia kusema. Nilikuwa namtania kwamba kikombe kitamwotea mizizi mkononi. Hakucheka hata mara moja.

Mwezi uliopita wauguzi walikuja zahanati wakawakusanya wanawake. Mimi nilikuwa nje napanga mabenchi, na dirisha lilikuwa wazi. Muuguzi mmoja, Klara, alisema kwamba wagonjwa wa kansa ya titi wanaoandikwa mijini ni wengi kuliko wa huku kwetu. Kabla hajamaliza, vigelegele! Na aliyepiga kwa sauti kuliko wote ni mama yetu. Alisimama kabisa, akawaambia wenzake kwamba yeye alishasema zamani. Klara akasubiri wanyamaze. Akaeleza kwamba uchache huo usiwafurahishe, maana mjini kuna vipimo, na huku pengine wako wanaojifungia ndani na kufa bila kuandikwa popote. Akaongeza kwamba ugonjwa wenyewe hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa maziwa ya mama. Mama akakaa chini taratibu.

Kuanzia hapo akajilaza. Akakataa kuogeshwa, shangazi Aisha akija na beseni anafungiwa mlango. Chumba kikawa na harufu ambayo hata ubani haukuiweza. Mwishowe nilimfokea, dada, nilimfokea mama yangu mzazi nikiwa nimesimama mlangoni. Akanijibu kwa Kishambaa, kwa upole, kwamba niketi hapo hapo nje nimsikilize.

Mama anao ugonjwa huo. Alikuwa nao kabla yako. Siku ile anakutengea kikombe, titi lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kuchimbika chini ya kanga. Aliposikia wewe umekatwa, aliamini ni yeye aliyekuambukiza, kwa kukunyonyesha titi lile lile. Akaogopa watu wakijua watasema amemla mwanawe, ndiyo maana akausukumia mjini. Ulipoondoka, akakichukua kikombe chako akajitenga nacho, asije akaniambukiza na mimi. Alisema yote hayo huku analia, na mimi nje ya mlango nililia kama mtoto.

Nimempeleka hospitali. Daktari anasema tumechelewa mno, kilichobaki ni dawa za kutuliza maumivu.

Simtetei. Alikuumiza, na anajua. Lakini amekataa kuguswa na mwanamke mwingine yeyote wa ukoo huu. Anasema ni Mwanahamisi peke yake ambaye hatashtuka akikiona kifua chake. Mimi ni mwanaume. Naweza kuchota maji, kuyachemsha na kuyafikisha mlangoni, zaidi ya hapo siwezi, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Shangazi Aisha anakusalimu sana, na wanangu wanamsalimu shangazi yao. Mama hakunituma salamu. Anasema hana uso wa kukusalimu. Aliniuliza tu kama huko Moshi nako kuna baridi.

Najua siku yake ikifika utakuja kumwosha, maana hilo hakuna binti anayelikataa. Nakuomba uje kabla. Njoo umwoshe akiwa bado anaweza kukuambia kwamba maji ni ya moto mno.

Ni mimi mdogo wako,
Omari