Shingo Safi

Jumatatu, mwezi 3 Rajabu

Chikichi zilikuwa motoni tangu asubuhi. Nimetwanga nusu. Nusu nyingine nimeitazama tu mpaka ikapoa, na chikichi zikipoa hazitoi mafuta. Mama mkwe amezirudisha motoni bila kusema neno. Heri angesema.

Arobaini yangu imekwisha wiki iliyopita. Wote waliniambia ngoja arobaini, uzito wote utatoka na maji ya kuogea. Nimeoga. Wamefukiza udi. Mtoto kanyolewa. Uzito uko palepale.

Zaina, mwanangu wa kwanza, alipokuwa mchanga nilikuwa nikimnusa kichwa mpaka watu wananicheka. Maziwa, jasho, mawese kidogo. Huyu Saidi namnusa kila siku. Sisikii kitu. Kama kunusa chungu kilichooshwa.

Ni mtoto mzuri. Hana kosa. Kosa liko kwangu.

Jumatano, mwezi 5

Nimelala tena mchana. Si usingizi. Macho wazi, mwili umekataa. Samaki wetu, ndagala, walikuwa wameanikwa mchangani, na kazi yangu ni kufukuza kunguru. Nimewaona kunguru kupitia mlangoni. Nimewaona wakila. Sikunyanyuka.

Mama mkwe akaingia. "Mama Zaina, wenzako wanazaa asubuhi, jioni wako kwenye kinu. Wewe unamungoja nani?"

Kisha akaitazama shingo yangu. Najua kafikiri nini. Jirani yetu wa nyuma alianza hivihivi, kulala, kulala, mpaka Wadachi wakampeleka kwenye kambi ya malale. Hajarudi.

Alipotoka nimejipapasa shingo. Hakuna uvimbe wa malale. Nimepapasa tena. Nilikuwa nautafuta. Naona haya hata kuandika. Malale ni ugonjwa, mtu wa malale anaonewa huruma. Mimi nina nini?

Na kwenye sala sijarudi. Mama mkwe akiuliza nasema damu haijakatika. Imekatika zamani.

Jumamosi, mwezi 8

Mpiga mbiu kapita. Daktari wa Mdachi anakuja kushika shingo za watu wote wa pwani ya ziwa. Atakayekutwa na uvimbe anakwenda kambini. Wengine wameshaanza kupanda milimani.

Mama mkwe anataka kunificha kwa dada yake kule Magara. Kakunja mkeka wangu. Alikuwa analia akikunja, anadhani simuoni. Baba Zaina yuko Uvira anauza chumvi yake, hajui lolote.

Nimekataa kwenda. Nimesema mwili hauwezi safari. Ukweli ni kwamba nataka kushikwa shingo. Nataka mtu mwenye kazi hiyo aseme, huyu anaumwa.

Jumatano, mwezi 12

Tumepangwa mstari kuanzia boma mpaka kwenye michikichi. Wanaume huku, wanawake huku. Wanawake wanashikana shingo wenyewe kwa wenyewe na kutaniana. Mmoja kamwambia mwenzie, "Yako nene, watasema ni uvimbe, kumbe ni ugali." Watu wakacheka. Ni kicheko cha woga. Mimi nimecheka nao, mdomo tu.

Mikono ya daktari ni baridi. Akashika nyuma ya shingo, chini ya masikio, akarudia. Nikamwomba mkalimani amwambie kwamba nalala sana. Daktari akanichoma kidole, akatia damu kwenye kioo, akachungulia. Muda mrefu. Nikaomba Mungu aone kitu. Mama wa watoto wawili anaomba malale.

Akasema maneno mawili. Mkalimani akasema, "Shingo safi, damu safi. Muzima. Mwingine aje."

Sikutoka. Miguu ilikuwa haijui iende wapi. Askari akasema, "Mama, umepona mbele ya kuugua, unataka nini tena?" Mstari mzima ukacheka. Hiki sasa kilikuwa kicheko cha kweli.

Mama mkwe kanikumbatia njia nzima. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kafika nyumbani kachinja jogoo.

Alhamisi, mwezi 13

Basi ni uvivu. Daktari kaona damu yangu na hakuna kitu ndani yake. Ni roho mbaya tu.

Jogoo wa watu nimemla na sikusikia ladha.

Jumamosi, mwezi 15

Lazima niandike, maana kusema siwezi.

Nilikwenda ziwani kufua. Saidi nilimlaza mchangani juu ya kanga. Alilia. Kilio kilinifikia kama kinatoka ng'ambo, Kongo kule. Nikasema moyoni, nikiondoka hapa, mtu mwema atamwokota. Atapata mama anayesikia. Nikaondoka. Sikukimbia. Nilitembea kama mtu aliyekwisha kufua, mpaka kwenye matete.

Sijui nilisimama muda gani. Upepo uligeuka, ziwa likaanza kupiga. Hapo ndipo nikarudi. Maji yalikuwa yamefika kwenye kanga. Miguu yake imelowa. Alikuwa kanyamaza, ananitazama.

Hakuna aliyeona.

Mama mkwe: "Mbona nguo ya mutoto maji matupu?" Nikasema kakojoa. Akamwita Saidi mwanaume wa nguvu, akacheka, akambusu tumbo.

Jumapili, mwezi 16

Sijaenda ziwani. Nimesema mguu unauma.

Namwogopa mtu anayekaa na Saidi. Mtu huyo ni mimi.

Jumatatu, mwezi 17

Nimekwenda kwa Bibi Kashindi, mkunga. Ndiye aliyenizalisha wote wawili. Nilisema nyumbani nafuata dawa ya mguu. Nimepita mlango wake nikaenda mpaka sokoni, nikarudi, nikapita tena. Wauza samaki wakaanza kunitazama. Aibu ya kutazamwa ndiyo iliyonisukuma ndani.

Alikuwa anachambua mizizi. "Mguu gani?" akauliza. Nikashindwa hata kuchagua mguu. Nikalia.

Hakuniambia nyamaza. Aliendelea na mizizi yake. Kisha akaniuliza kimojakimoja, kama anavyouliza uchungu umeanza lini. Unakula? Usiku akilala mtoto, wewe unalala? Ukimsikia analia, mwili unaruka au hauruki? Unatamani usiwepo? Na mtoto, umetamani asiwepo?

Nikamwambia ya ziwani. Yote. Na matete.

Niliangalia chini nikingoja anifukuze. Akasema, "Mwanangu, mwanamuke akizaa anakwenda mbali sana. Wengine wanarudi siku ya saba, wengine arobaini. Wewe uko njiani bado. Hii ni maradhi, na wengine wameipata kabla yako, si wewe uliyeianza."

Nikasema daktari kanikuta mzima. Akacheka kidogo. "Yule alitafuta malale, na malale huna. Hakukosea. Mimi natafuta kingine."

Dawa yake: supu ya moto kila asubuhi, na mizizi. Nisikae peke yangu na mtoto, nisiende naye ziwani peke yangu. Kila Ijumaa nirudi kwake, tukae, niseme, hata kama sina la kusema. Na Ijumaa hii nije na mama mkwe.

Hilo la mwisho nimekataa. Akasema, "Basi beba mizizi yako uende, maana mimi sitalala mulangoni kwako nikulinde."

Alhamisi, mwezi 20

Sijamwambia mama mkwe. Akijua atamchukua Saidi. Atatuma neno Uvira, baba Zaina atarudi na talaka mkononi. Mama aliyemwacha mwanawe majini. Nani ataniachia hata Zaina?

Mizizi nimeificha kwenye chungu cha unga. Ni michungu.

Lakini akitoka nyumbani, nabaki na Saidi peke yangu. Leo nimembeba nikaenda kukaa kwenye kivuli cha msikiti ili watu watuone. Nimekaa pale mpaka aliporudi.

Ijumaa, mwezi 21

Tumekwenda. Nilimwambia mama mkwe kwamba Bibi Kashindi anamuita, basi. Njiani aliniuliza kama nina mimba tena.

Bibi Kashindi hakunisaidia. Alikaa. Ilibidi niseme kwa mdomo wangu. Uvivu si uvivu. Damu imekatika. Nguo haikuwa mkojo, ni maji ya ziwa. Nikasema na matete.

Mama mkwe alimwangalia Saidi mgongoni kwangu. Akasimama. Akamfungua, akamfunga mgongoni kwake. Nikajua imekwisha, nimemkosa.

Akatoka nje. Nikabaki na mikono mitupu. Bibi Kashindi anachambua mizizi.

Kisha sauti ya mama mkwe mlangoni, kali kama siku zote: "Mama Zaina, supu itajipika yenyewe? Twende nyumbani."

 Njia nzima alitembea polepole, na mimi miguu yangu siku hizi ni ya polepole.

Jumanne, mwezi 25

Ana hasira. Anagonga vyungu. Leo kanipa bakuli mkononi na hakuniangalia. "Ulinidanganya na mukojo." Hakutaja matete. Mukojo ndio uliomuuma.

Usiku Saidi analala upande wake. Ananiletea anyonye, anakaa palepale mpaka amalize. Naona haya kulindwa kama mwizi. Na nalala. Usingizi wa kweli, mara ya kwanza.

Ijumaa, mwezi 28

Siku mbaya. Sikuwa na la kusema kwa Bibi Kashindi. Tukakaa. Akanipa mizizi nichambue.

Nikamwuliza hii itakwisha lini. Akasema hajui. Nimependa kwamba hajui.

Jumamosi, mwezi 6 Shaabani

Tumechemsha chikichi. Nimetwanga zote, ila nilipumzika mara kwa mara, na mama mkwe alinigeuzia mgongo ili nipumzike bila kutazamwa.

Baba Zaina hajarudi. Kuna mtu anavuka kesho. Mama mkwe kasema atamwagiza neno moja tu, kwamba mkeo anaumwa, anatibiwa. Nimemwuliza, na lile lingine? Akasema, "Lile utamwambia mwenyewe, ukipata nguvu. Mimi nitakaa mulangoni." Naogopa siku hiyo.

Alasiri tulikwenda ziwani. Yeye mbele na Saidi, mimi nyuma na nguo. Nilifua. Yeye alikaa kati yangu na matete, kama bila kukusudia.

Nilipomaliza akanipa mtoto. Alikuwa amelala, kichwa kina joto la jua. Nikamnusa, mazoea tu.

Mawese. Maziwa. Kidogo sana, kisha ikapotea.

Nikanusa tena, haikurudi. Sikumwambia mama mkwe. Nikamfunga mgongoni, tukapanda nyumbani.