Mizinga Kumi na Sita Isiyo na Nyuki

Jumatatu, 4 Agosti
Doria ya asubuhi kama kawaida. Mizinga ishirini inaning'inia kwenye waya wa chama, huku Maore. Yenye nyuki: minne. Yenye mchwa: hakuna. Hilo la mchwa ni kazi yangu. Wenzangu walileta nyundo, mimi nikaleta akili. Oili chafu ya gereji, dumu zima, nje na ndani, mpaka ikaniishia kwenye mzinga wa kumi na sita. Utingo aliyefika Lusaka hashindwi na wadudu.
Ila nyuki hawaji. Tembo huogopa nyuki, hawaogopi masanduku matupu. Nyuma ya waya kuna mahindi ya Mama Nakijwa, mwenyekiti wetu. Yakiliwa, hana kingine. Mpwa wake anazungumzia kutia sumu kwenye maboga ili tembo wafe. Chama tulikianzisha ili tembo apite na mtu ale. Sumu sitaki kuisikia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimegundua kitu. Ile mizinga minne yenye nyuki yote iko mwisho wa waya, upande wa Saning'o. Mfugaji pekee kwenye chama. Kwa nini kwake tu? Sipendi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetoroka ibada kabla ya mahubiri. Mungu anajua sababu. Nilikaa kwenye mikonge nikimvizia Saning'o. Akaja na punda, madumu mawili. Akasimama kwenye mizinga mitupu, mmoja mmoja, akaingiza pua. Akanusa. Akaenda zake kwenye minne yake.
Mtu ananusa mzinga wa nini? Ana dawa huyu. Anawavuta nyuki wetu kwake, asali ale peke yake. Nimekaa Lubumbashi, nimeona mambo.

Jumatano, 13 Agosti
Tumekutana njiani na Saning'o, wawili tu. "Shikamoo, Mzee Lusaka." Jina hilo wamenipa chamani, wanajua wenyewe kwa nini. Akauliza kama ile oili bado ninayo. Nikamwambia imeisha, kama pikipiki yake inaumwa aipeleke gereji. Akatabasamu, akaangalia chini. Asiyekutazama usoni ana lake.

Ijumaa, 15 Agosti
Tembo wameingia. Nusu ya mahindi ya Mama Nakijwa imelala chini. Wamepita kwenye mizinga mitupu. Upande wa Saning'o hawakuusogelea hata hatua moja.
Mama hakulia. Alikusanya mabua ya ng'ombe, nikambebea mpaka nyumbani. Mpwa wake ametaja maboga tena, safari hii kwa sauti. Nina hasira. Kesho kikao.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemtaja. Nilisimama kama wakili. Pua, madumu, mizinga minne, vyote nikavipanga. Mama Nakijwa akamwuliza, "Mwanangu, una la kujibu?"
Saning'o akasema, "Mzee Lusaka ni mkubwa kwangu. Siwezi kubishana naye mbele za watu."
Akavua fulana ya chama. Akaikunja vizuri. Akaiweka mezani, akaondoka. Nikapigiwa makofi. Soda niliyopewa sikuimaliza.

Jumapili, 17 Agosti
Nimekwenda kukagua upande wake. Chini ya ile mizinga minne kuna mabeseni, ndani ameweka mawe ili nyuki wasizame. Kumbe madumu yalikuwa ya maji. Ya kuwanywesha nyuki, kiangazi hiki. Leo hakuna aliyejaza. Nyuki wanatembea juu ya mawe makavu.
Nikarudi kwenye mzinga wa kumi na sita. Nikaingiza pua pale alipoingiza yake. Gereji. Gereji tupu. Na ile minne ndiyo niliyoishiwa oili kabla sijaifikia.
Nyuki niliwafukuza mimi. Mahindi ya Mama niliyaangusha mimi. Na kijana alijaribu kuniambia njiani, pasipo watu, nisiaibike. Mjinga mimi. Mjinga wa kimataifa.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimekwenda bomani kwa Saning'o kwa miguu. Nimeomba radhi mbele ya mama yake. Akasema, "Nilijua, mzee. Nilikuwa nakusubiri ujue." Mama yake akanipa maziwa. Atarudi chamani, lakini niseme mbele za watu, kama nilivyomsema. Nimekubali.

Alhamisi, 21 Agosti
Msaragambo. Mama Nakijwa alipuliza pembe mwenyewe. Kwetu pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu wa kazi. Watu walipojaa nikasimama. Oili ni yangu, kosa ni langu, Saning'o hana doa. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Nakijwa hakucheka. Akanipa randa. "Anza wewe."
Tumekwangua mbao, tumesugua kwa majivu, zilizolowa sana tumezitoa. Saning'o alivaa fulana yake, akapaka nta ndani ya kila mzinga, harufu ya kuwaita nyuki. Mpwa wa Mama alishika mbao nikipiga randa. Maboga hakuyataja.

Jumamosi, 13 Septemba
Mzinga wa tisa una nyuki. Wachache, wanaingia na kutoka. Nusu ya mahindi iliyobaki bado imesimama.
Saning'o amepeleka ng'ombe malishoni Kwakoa. Mabeseni nimejaza mimi. Madumu mawili, begani, punda hakuwepo. Njiani sikukutana na mtu.
Sijamwambia yeyote.