Mstari wa Chaki Mlangoni

Baba Zuhura wangu,

Nikianza na "hujambo" nitakuwa najichekesha mwenyewe, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Nimefanya kosa, na sina wa kumwambia ila wewe. Niko ndani, niko eda, na kalamu hii nimeiazima kwa mwanao.

Unakumbuka ulivyolivalia njuga lile jambo la kwenda Dar kwenye bustani ya michezo? Mtu mwenyewe hujawahi kuvuka Lindi, lakini umekaa mkekani na daftari la vipimo vya wateja, unapanga. Siku ya kwanza mabembea na michezo ya maji. Siku ya pili makumbusho, kisha ufukweni. Nikakuambia, "Ufukweni? Baba Zuhura, tutoke Mtwara tukaangalie bahari?" Ulicheka mpaka pini ulizobana mdomoni zikamwagika. Ukaufuta ufukwe, ukaandika "biriani".

Kwenye chakula ndipo tulipogombana kweli. Wewe ulitaka tubebe mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Ukapiga simu bustanini, dada wa pale akakuambia chakula cha nje hakiingii getini. We! Ulinuna siku nzima, utadhani wamekukataa wewe. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nikae kwenye kiti, niletewe sahani, nisinyanyue hata kikombe. Ukaandika kwa herufi kubwa: MAMA ZUHURA ASIGUSE CHOCHOTE. Karatasi hiyo ninayo, iko chini ya mto wangu.

Dada yule yule ndiye aliyekutajia sharti la treni ile inayopanda juu na kushuka kwa kasi: mtoto asiyefika futi nne hapandi. Ukampima Zuhura kwa tepu yako, bado. Ukachukua chaki ya kukatia nguo, ukachora mstari kwenye fremu ya mlango wa chumbani. "Kichwa kikigusa hapa, likizo inayofuata tunaondoka." Tangu hapo kila Ijumaa ukitoka msikitini mlikuwa hapo mlangoni. "Shusha visigino, mwizi wewe!" Naye akawa anakula matembele bila kusukumwa, eti arefuke haraka. Hata siku ile ufukweni Msimbati, ulimbeba mabegani ukakimbia naye mchangani, mnapiga kelele kama wendawazimu, mkisema ni mazoezi ya treni.

Halafu ile Ijumaa ukatoka mzima, ukaanguka njiani, watu wakakuleta umefunikwa shuka.

Nilidhani mtoto atasahau. Thubutu! Ijumaa iliyofuata alikuja na tepu yako shingoni. "Mama, nipime." Nikampima. Nimekuwa nampima kila Ijumaa, yeye amegeukia kwangu, mgongo kwenye fremu. Wiki iliyopita nywele zake ziligusa chaki. Visigino vyote chini, hakuiba. Nilipaswa kupiga vigelegele, Baba Zuhura. Nikasema, "Bado kidogo tu, mwanangu."

Ningemwambia nini? Tunaondoka? Na nani? Eda ikiisha kaka yangu anakuja kutuchukua, tunarudi Kitaya kulima mihogo. Nyumba hii ya kupanga hapa Rahaleo, mwenyewe anaitaka, na cherehani yako imeshapata mnunuzi. Hakuna Dar mwakani, wala mwaka mwingine wowote. Nimejaribu kujidanganya, nimeshindwa. Ila kumwambia Zuhura kwamba ahadi ya baba yake imezikwa naye, mdomo wangu umekataa.

Basi Jumatatu, akiwa shuleni, niliufuta mstari wako kwa upindo wa kanga. Nikachora mwingine juu zaidi, kwa vidole vitatu. Chaki ni ile ile yako. Mstari umepinda kidogo, na mimi nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jana ilikuwa Ijumaa. Akasimama, akanyooka, mara hii akaweka kiganja chake juu ya kichwa mpaka kikagusa fremu, akageuka kuangalia. Akapima nafasi iliyobaki kwa vidole vyake. Akarudia tena.

"Mama, mbona napungua?"

Nikamwambia ni macho yake tu. Aliikunja tepu taratibu, vile vile unavyokunja wewe, akairudisha kwenye droo ya cherehani.

"Baba alipokuwepo nilikuwa narefuka," akasema.

Tangu jana hajagusa matembele. Nimemwekea mara mbili, ameyasukuma pembeni. Nisamehe, mume wangu, nimeuharibu mstari wako, na ule wa kwanza siwezi tena kujua ulikuwa wapi hasa. Mungu akupe mapumziko huko uliko. Huku mimi sitakuwa nayo.

Mkeo,
Mama Zuhura